Herode Mkuu: Mfalme Aliyeiogopa Nyumba Yake

Jina la Herode wengi wetu tulilisikia tangu utotoni, maana limo katika Injili ya Mathayo, penye habari za watoto wachanga wa Bethlehemu. Lakini habari ile ikiisha, ni wachache wanaouliza mtu huyo alikuwa nani, alitoka wapi, na ufalme aliupataje. Herode alitawala Uyahudi tangu mwaka 37 K.K. (yaani Kabla ya Kristo) mpaka mwaka 4 K.K. Alijenga miji, bandari na ngome, akalijenga upya Hekalu la Yerusalemu, hata sifa zake zikafika Roma. Tena mtu huyu huyu alimwua mkewe, na mama mkwe wake, na shemeji yake, na babu wa mkewe, na watatu katika wanawe mwenyewe. Aliwaua mmoja mmoja, na kila mara aliamini kwamba huyu akiisha kuondoka, kiti chake kitatulia. Jinsi kiti hicho kilivyokataa kutulia ndiyo habari yetu.

Kwanza yafaa tujue nchi ile ilikuwaje kabla yake. Kwa muda wa miaka mia hivi Wayahudi walikuwa chini ya ukoo wa Wahasmonayo, wana wa kuhani walioshika silaha mwaka 167 K.K. kupigana na wafalme wa Kiyunani wa Shamu. Watu wa ukoo huu walikuwa Makuhani Wakuu, na baadaye wakajiita wafalme pia. Malkia wao alipokufa mwaka 67 K.K., wanawe wawili waligombea urithi. Mkubwa aliitwa Hyrcanus, mtu mpole asiyependa vita. Mdogo wake alikuwa mkali na mwenye haraka. Ugomvi wao ndio uliomleta mgeni nyumbani. Kila mmoja alipeleka wajumbe na zawadi kwa Pompeius, jemadari wa Kirumi aliyekuwa Shamu, amwamulie. Pompeius akaja mwaka 63 K.K., akauzingira mji wa Yerusalemu na kuutwaa, na nchi yote ikawa chini ya Roma. Tangu siku hiyo hakuna mfalme wa Uyahudi aliyeweza kukaa bila ya ridhaa ya Warumi.

Nyuma ya Hyrcanus alisimama mshauri wake, jina lake Antipater, mtu wa Idumea, nchi ya kusini. Waidumea walikuwa wameingizwa katika dini ya Kiyahudi kwa nguvu vizazi viwili nyuma, na wakubwa wa Yerusalemu waliwaona kama watu wa kuja. Mkewe Antipater alikuwa Mwarabu wa Nabatea. Mwana wao Herode alizaliwa karibu na mwaka 73 K.K. Antipater alitambua mapema ni nani mwenye nguvu duniani, akawatumikia Warumi kwa uaminifu. Na mwaka 47 K.K. Julius Caesar akampa usimamizi wa nchi. Naye akampa mwanawe mkubwa, Phasael, mji wa Yerusalemu, na Herode, kijana wa miaka ishirini na kitu, akampa Galilaya. Lakini mwaka 43 K.K. Antipater alitiliwa sumu karamuni, akafa. Basi Herode alirithi cheo kwa baba yake, akarithi na hofu: alijua tangu ujana kwamba mtu aweza kuuawa mezani, katikati ya watu wanaomchekea.

Mwaka 40 K.K. Waparthi, adui wakubwa wa Roma kutoka mashariki, waliingia Shamu na Uyahudi. Pamoja nao alikuja Antigonus, mwana wa yule mdogo wake Hyrcanus, kudai ufalme wa baba yake. Hyrcanus, mzee wa watu, alikamatwa, na Antigonus akamkata masikio baba yake mkubwa. Sababu yake ni hii: sheria ilikataza mtu mwenye kilema asiwe Kuhani Mkuu. Phasael alijiua kifungoni. Herode akatoroka usiku pamoja na mama yake, na dada yake Salome, na mchumba wake Mariamne, na mama yake Mariamne. Akawaacha wanawake katika ngome ya Masada, juu ya mlima ulio kando ya Bahari ya Chumvi, yeye akaenda kuomba msaada. Mfalme wa Nabatea akamfukuza. Akapita Misri, akapanda jahazi wakati wa dhoruba za baridi, akafika Roma. Huko Marcus Antonius na Octavianus, waliokuwa na nguvu zote baada ya kifo cha Caesar, walimsimamia mbele ya Baraza la Wazee, nalo likamtangaza mfalme wa Wayahudi. Alitoka barazani katikati ya wakubwa hao wawili. Alikuwa na jina la ufalme, lakini nchi hakuwa nayo.

Ilimchukua miaka mitatu kuipata. Mwaka 37 K.K. alikuwa ameuzingira Yerusalemu pamoja na majeshi ya Kirumi. Na kabla mji haujaanguka alikwenda Samaria kufunga ndoa na Mariamne. Hapa, wasomaji, tusimame kidogo, maana ndipo penye fundo la maisha yake yote. Mariamne alikuwa mjukuu wa Hyrcanus kwa upande wa mama, na mjukuu wa mdogo wake Hyrcanus kwa upande wa baba. Nasaba zote mbili zilizogombana zilikutana kwake. Herode hakuwa na nasaba, wala hakuweza kuwa Kuhani Mkuu. Alihitaji mke wa ukoo ule ili watu wamkubali. Lakini heshima aliyoipata kwa ndoa ile ilikuwa ya mkewe. Kila ndugu wa Mariamne alikuwa na haki ya kiti kuliko yeye, na watoto wa Mariamne wangekuwa na haki kuliko baba yao. Kile kilichompa ufalme ndicho alichokiogopa. Tena, kwa ajili ya ndoa hiyo alimwacha mkewe wa kwanza, Doris, akamfukuza mjini pamoja na mtoto aliyezaa naye, aitwaye Antipater kwa jina la babu yake. Huyu mtoto wa mtalaka tutakutana naye tena.

Mji ulianguka, na Antigonus akakatwa kichwa kwa amri ya Antonius. Sasa palitakiwa Kuhani Mkuu. Herode akamweka kuhani mmoja wa Babeli, mtu asiye na jina kubwa. Mama yake Mariamne, Alexandra, hakuridhika, kwa kuwa mwanawe Aristobulus, kijana mzuri wa miaka kumi na saba hivi, ndiye aliyestahili kwa nasaba. Akamwandikia Cleopatra, malkia wa Misri, aseme na Antonius. Herode akaona heri akubali, akampa kijana cheo. Lakini siku ya Sikukuu ya Vibanda, Aristobulus alipopanda madhabahuni na mavazi ya ukuhani, watu walipaza sauti za furaha, wengine wakalia machozi kwa kuwakumbuka wafalme wao wa zamani. Kelele zile za furaha ndizo zilizomwua. Baada ya sikukuu, mwaka 35 K.K., jamaa walialikwa Yeriko kwa karamu. Jioni kulikuwa na joto, vijana wakaingia birikani kuoga, na rafiki zake mfalme wakawa wanamzamisha Aristobulus kama kwa mchezo, hata akafa maji. Herode alilia mbele ya watu, akafanya maziko makubwa. Mama wa marehemu hakudanganyika.

Akaandika tena kwa Cleopatra, na Antonius akamwita Herode ajibu. Kabla ya kuondoka, Herode alimwachia shemeji yake, mume wa Salome, amri ya siri: kwamba yeye akiuawa, Mariamne naye auawe, asije akaolewa na mwingine. Mtu yule akamwambia Mariamne siri hiyo, akidhani atamwonyesha jinsi anavyopendwa. Mwanamke gani angefurahi kupendwa hivyo? Herode aliponea kwa Antonius, akarudi. Salome akamnong'oneza kwamba mumewe na Mariamne walikuwa wamezoeana mno. Yule shemeji akauawa bila kusikilizwa. Mawifi hawa wawili hawakupatana tangu mwanzo. Mariamne alimdharau Salome kwa nasaba yake, na Salome alikuwa na kitu chenye nguvu kuliko nasaba, yaani sikio la kaka yake.

Mwaka 31 K.K. Antonius na Cleopatra walishindwa na Octavianus katika vita vya baharini vya Actium. Herode alikuwa rafiki wa aliyeshindwa. Kabla ya kwenda kumkabili mshindi, alimwua mzee Hyrcanus, mtu aliyepita miaka sabini, asiye na masikio, aliyerudi kutoka uhamishoni kwa mwaliko wa Herode mwenyewe. Maana kama Octavianus angetaka mfalme mwingine, mzee huyo ndiye aliyebaki. Kisha akaenda kisiwa cha Rhodes, akavua taji, akakiri wazi kwamba alikuwa rafiki mwaminifu wa Antonius, akaomba aangaliwe uaminifu wake, si jina la rafiki aliyekuwa naye. Octavianus alimpenda kwa ushujaa huo, akamrudishia taji na baadaye akamwongezea nchi. Mbele ya wageni Herode alikuwa na akili nyingi na moyo wa simba. Nyumbani ndiko alikoshindwa.

Kwa maana safari hii pia alikuwa ameacha amri ile ile juu ya Mariamne, na mlinzi wa mara hii naye aliisema. Mumewe aliporudi na furaha yake, Mariamne alimpokea kwa uso mkavu. Salome alingoja mwaka mzima, akamtuma mnyweshaji wa mfalme aseme kwamba Mariamne alimpa zawadi amtilie mfalme dawa ya mapenzi kinywajini. Herode alipokwisha kujua pia kwamba siri yake imetoka, hasira ilimshika. Mariamne alihukumiwa na rafiki za mumewe, akauawa mwaka 29 K.K. Njiani mama yake mwenyewe alimtukana mbele ya watu na kumshika nywele, ili aonekane hakushirikiana naye. Mariamne hakumjibu neno, wala rangi ya uso wake haikubadilika.

Herode alikuwa akimpenda mkewe, na hilo ndilo lililomtia wazimu. Alizunguka nyumbani akimwita kwa jina, akawatuma watumishi wamwite kana kwamba yu hai. Akaugua sana huko Samaria, alikomwolea. Alexandra akadhani mkwewe anakufa, akajaribu kuzishika ngome za Yerusalemu. Habari zikafika, naye akauawa mwaka 28 K.K.

Ikafuata miaka ambayo mtu asiyejua mambo ya ndani angeiita ya neema. Njaa ilipoingia karibu na mwaka 25 K.K., Herode aliyeyusha dhahabu na fedha za jumba lake, akanunua nafaka Misri, akawalisha watu. Pwani ya Uyahudi haikuwa na bandari nzuri. Akajenga Kaisaria, akitumia saruji ya majivu ya volkano yaliyoletwa kutoka Italia, ambayo huganda hata ndani ya maji. Karibu na mwaka 20 K.K. alianza kulijenga upya Hekalu, na makuhani elfu moja walifundishwa uashi ili wageni wasikanyage mahali patakatifu. Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70 B.K. (Baada ya Kristo), lakini mawe makubwa ya ukuta wake wa nje yapo hata leo, na Wayahudi husali mbele yake.

Wakati huo wana wawili wa Mariamne, Alexander na Aristobulus, walikuwa wakisomeshwa Roma. Mdogo alikuwa na jina la mjomba wake aliyezamishwa birikani. Waliporudi, karibu na mwaka 17 K.K., walikuwa vijana warefu, wenye sura ya mama yao, na watu waliwapenda. Herode aliwaoza wake wa heshima: Alexander alipewa binti wa mfalme wa Kapadokia, na Aristobulus akapewa binti wa Salome. Lakini vijana wale walijua nani alimwua mama yao, wala hawakujua kuficha. Maneno yao yalisikiwa na wake zao, wake zao wakayasema, na shangazi akayapeleka kwa mfalme yakiwa yamekwisha kuongezwa chumvi. Ndipo Herode akafanya jambo alilodhani ni la busara: akamrudisha nyumbani Antipater, mtoto wa Doris, ili ndugu zake wajue kwamba hawako peke yao.

Antipater alikuwa amekaa miaka zaidi ya ishirini akilijua pigo alilopigwa mama yake. Hakusema neno baya juu ya ndugu zake. Aliwatetea mbele ya baba, huku watu wake wakileta mashitaka. Matowashi watatu waliokuwa wakimhudumia mfalme, wa kinywaji, wa chakula na wa kitanda, waliteswa. Watumishi wengine wakateswa pia, na mtu aliyeteswa husema lile mtesaji analotaka kusikia. Askari mmoja mzee aliposubutu kumwambia mfalme kwamba jeshi linawahurumia vijana, kinyozi wa mfalme akaropoka kwamba mzee huyo alimshawishi amkate mfalme koo wakati wa kumnyoa. Wote wawili wakauawa. Mwishoni baraza la watu mia na hamsini lilikaa Beirut kuwahukumu wana wa mfalme, nao hawakuruhusiwa hata kufika na kujitetea. Mwaka 7 K.K. walinyongwa Samaria, katika mji ule ule ambamo baba yao alimwoa mama yao miaka thelathini kabla.

Je, kiti kilitulia? Antipater sasa alikuwa mrithi, lakini baba alikuwa bado hai. Ndugu wa Herode alipokufa, nyumbani kwake pakapatikana sumu iliyotoka Misri, na watumishi walioteswa wakasema ni ya Antipater, ya kumwulia mfalme. Akaitwa kutoka Roma bila kuambiwa sababu, akashitakiwa mbele ya liwali wa Kirumi wa Shamu. Sumu ile akanyweshwa mfungwa aliyehukumiwa kufa, naye akafa pale pale. Antipater akatiwa gerezani. Kipindi hicho, Herode akiwa mzee mgonjwa asiyemwamini mtu, ndicho ambacho Injili ya Mathayo inakiweka kisa cha watoto wa Bethlehemu. Watu waliohesabu miaka ya kalenda yetu zamani walikosea kidogo, ndiyo maana twasema Yesu alizaliwa kabla ya mwaka 4 K.K. Vitabu vingine vya zama zile havikitaji kisa hicho. Lakini msomaji aliyefuata habari hizi ataelewa kwa nini uvumi wa mtoto aliyezaliwa mfalme ungemtia mtu huyu hofu.

Siku zake za mwisho alilala Yeriko, mwili ukioza kwa maradhi. Siku moja akimenya tunda alijaribu kujichoma kisu, akazuiwa. Vilio vikasikika hata gerezani. Antipater akadhani baba amekufa, akaanza kumwahidi mlinzi zawadi amfungulie. Mlinzi akapeleka habari, na mfalme anayekufa akaamuru mwanawe auawe. Siku tano baadaye, mwaka 4 K.K., Herode naye akafa. Josephus, mwandishi wa Kiyahudi wa karne iliyofuata ambaye kwake tunapata karibu habari zote hizi, asema kwamba Herode aliwafungia wakubwa wa nchi katika uwanja wa mbio, akaagiza wauawe siku atakapokufa, ili nchi isikose matanga. Salome, aliyeleta vifo vingi, mara hii hakutii. Akawafungulia waende zao.

Augustus, ndiye yule Octavianus wa zamani, aliugawa ufalme kwa watatu katika wana wa Herode waliosalia, wala hakuna aliyepewa jina la mfalme. Mwaka 6 B.K. Uyahudi wenyewe uliwekwa chini ya maliwali wa Kirumi. Lakini Aristobulus aliyenyongwa Samaria alikuwa ameacha mtoto mdogo aitwaye Agripa, ambaye alilelewa Roma. Mwaka 41 B.K. Agripa alipewa ufalme wote wa babu yake, akautawala mpaka alipokufa mwaka 44 B.K. Huyu alikuwa mjukuu wa Mariamne. Watu walioogopwa na kuuawa wote, damu yao ndiyo iliyokalia kiti.

Kaburi la Herode liligunduliwa mwaka 2007 kwenye mteremko wa kilima cha Herodium, karibu na Bethlehemu. Jeneza la mawe mekundu lililodhaniwa kuwa lake lilikutwa limevunjwa vipande vipande, kwa makusudi, tangu zamani.

Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Herode angeliitikia neno hilo. Lakini yeye alilichukua vibaya, akaichoma nguo yote. Mtu anayetawala hakosi kusikia maneno ya watu kila siku. Herode aliwasikiliza walioleta mashitaka, akawaziba vinywa walioshitakiwa. Mkewe hakupata mtetezi, wanawe hawakufika barazani. Wengine miongoni mwetu watapewa mamlaka, makubwa au madogo, pengine ya bweni tu. Siku watakapoletewa neno juu ya mwenzao, na wamwite kwanza huyo mwenzao, wamsikie.